Kabla Hatujanunua Mashine

(Hotuba iliyotolewa bwaloni katika Mkutano Mkuu wa Chama cha Wanafunzi wa Zamani na mwenzetu aliyemaliza Kidato cha Nne hapa mwaka 1984, ambaye sasa ni daktari katika hospitali ya wilaya.)



Mara ya mwisho niliposimama mbele ya bwalo hili nilikuwa nimeitwa na mwalimu wa zamu nieleze kwa nini nilikutwa nje ya uzio saa ya prepo. Maelezo yangu siku ile hayakukubaliwa, na nililima bustani ya shule wiki nzima. Leo natumaini mtanisikiliza kwa huruma zaidi.

Katika mkutano uliopita Chama chetu kiliazimia kuchanga fedha ili kuinunulia hospitali yetu mashine ya mamografia, yaani ile mashine ya eksirei inayopiga picha za matiti ya akina mama ili kugundua saratani. Katibu ameniambia kwamba michango imekwenda vizuri, na wengine mmetuma kutoka mbali. Kamati ikaniomba nije kueleza jinsi mashine itakavyotumika. Bila shaka mnatazamia niseme ahsante, nipokee hundi, tupigwe picha, twende tukale.

Ndugu Mwenyekiti, nimekuja kuwaombeni msiinunue. Walau msiinunue sasa. Najua ni kioja mtu wa hospitali kukataa kitu cha bure, na wapo waliojinyima ili kuchangia. Kwa hiyo muda wangu wote nitautumia kueleza sababu, na baadaye mtaamua wenyewe.

Nitaanza na mtu ambaye wengi wenu mnamfahamu. Wale tuliosoma hapa miaka ya themanini na tisini tunamkumbuka mama aliyekaa langoni, chini ya mkaratusi, na beseni lake la maandazi lililofunikwa kwa kitambaa cheupe. Jina lake sitalitaja, ingawa wanawe wameniruhusu kusimulia habari zake. Alikuwa akitukopesha. Madeni aliyaandika katika daftari dogo kwa majina yetu ya utani, kwa sababu ya ubatizo hakuyajua. Nilipoondoka hapa mwaka 1984 nilikuwa nadaiwa maandazi kumi na mawili.

Mwaka 2016 alikuja hospitalini kwetu. Alikuwa na kivimbe katika ziwa la kushoto, kikubwa kama punje ya harage, kigumu, hakiumi. Alikigusa wakati akioga, na wiki mbili hazijapita akawa amefika kwetu. Naomba mliangalie jambo hili vizuri, maana tumezoea kusema kwamba akina mama wa vijijini huchelewa kwa ujinga. Huyu hakuchelewa. Tabibu aliyempokea alimpa vidonge vya kuua vijidudu na kumwambia arudi baada ya mwezi. Akarudi. Safari hii nilimwona mimi. Nikamkata kinyama, nikakitia katika chupa ya fomalini, nikaandika karatasi, nikaamini kwamba nimemaliza kazi yangu.

Chupa ile ilikaa rafuni ikingoja gari la hospitali liende mjini kwenye hospitali ya rufaa. Gari lilikuwa bovu. Lilipopona lilikwenda na chupa, na hatimaye jibu likaandikwa na kurudi, likatiwa katika jalada la mgonjwa mwingine mwenye jina linalofanana na lake. Mama alikuja mara mbili kuuliza. Mara zote mbili aliambiwa, "Majibu bado." Mara ya tatu hakuja.

Ilikuwa imepita miezi saba tangu siku ile ya kwanza, nilipokuwa nikitafuta karatasi nyingine kabisa, ndipo nilipoiona ile yake. Nikapanda bodaboda mpaka nyumbani kwake. Ziwa lilikuwa limekwisha kuchimbika kidonda, amepaka dawa ya miti, na kwapani mna matezi. Wala hakunikasirikia, na hilo ndilo lililonichoma. Aliniambia, "Nilidhani mkinyamaza maana yake nimepona." Tulimpeleka Dar es Salaam, akatibiwa kadiri ilivyowezekana, akarudi, akaishi kitambo. Alifariki mwaka 2018 wakati wa masika. Mganga mfawidhi wa hospitali ile nilikuwa mimi. Sina mtu mwingine wa kumsingizia.

Sasa niulizeni: kama tungekuwa na mashine ya mamografia mwaka 2016, ingemsaidia nini mama huyu? Kivimbe alikigundua mwenyewe kwa vidole vyake, bila umeme. Alichokosa ni mtu mmoja wa kuifuata ile chupa kila inapokwenda, mpaka irudi na jibu mkononi mwake.

Hapa pana tofauti moja ambayo hata sisi waganga huichanganya. Kuna kazi mbili. Ya kwanza ni kuwachunguza wanawake wazima wasio na dalili yoyote, maelfu kwa maelfu, ili kumpata yule mwenye saratani ambayo bado haishikiki kwa mkono. Hiyo ndiyo kazi ya mamografia, nayo ni kazi ya maana. Ya pili ni kumpokea upesi mwanamke ambaye ameshaona kitu, kumpima, kumpa jibu na kumtibu. Shirika la Afya Duniani katika mwongozo wake wa mwaka 2014 lilishauri kwamba nchi zenye huduma imara ziwaite wanawake wa miaka 50 hadi 69 wapigwe picha kila baada ya miaka 2. Lakini mahali ambapo huduma ni dhaifu na wagonjwa wengi hufika wamechelewa, kazi ya pili itangulie. Maana hata mashine ikionyesha doa, mama bado anahitaji kukatwa kinyama, kufanyiwa upasuaji, kupewa dawa na pengine mionzi. Ukiita watu elfu moja uwapige picha na huku huna njia ya kumpatia jibu yule mmoja mwenye kivimbe, umewaongezea hofu tu.

Wenzetu mnaoishi Ulaya na Marekani mtasema kwamba huko wake zenu huitwa kwa barua. Ni kweli, na msiache kwenda. Huko Marekani mwaka 2024 jopo la wataalamu lilishauri wanawake waanze kupigwa picha wakiwa na miaka 40, kila baada ya miaka 2 mpaka 74. Nanyi mlioko Dar es Salaam, ambako mashine hizi zipo, wake zenu waliopita miaka 50 waende wakamwone daktari wapate ushauri. Mimi nazungumzia wilaya hii.

Mwaka 2022 duniani kote wanawake milioni 2.3 walipatikana na saratani ya matiti, na 670,000 walikufa kwa ugonjwa huo. Katika nchi tajiri zaidi ya wagonjwa 90 katika kila 100 huwa hai miaka mitano baadaye. Katika Afrika wataalamu waliwafuatilia wanawake zaidi ya elfu mbili wa Namibia, Nigeria, Uganda na Zambia, na baada ya miaka mitatu tu karibu nusu yao walikuwa wameshakufa. Sehemu kubwa ya tofauti hiyo ni kuchelewa, na kuchelewa kwenyewe kuna vyumba vingi: mama nyumbani, zahanati, hospitali ya wilaya, maabara, basi la kwenda Dar, fedha. Sisi tulizoea kukitazama chumba cha kwanza tu.

Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani lilitoa vipimo vitatu vya kuzipima nchi. Kwanza, wagonjwa 60 katika kila 100 wagunduliwe saratani ikiwa bado katika hatua ya kwanza au ya pili. Pili, kutoka siku mama anapofika kwa mganga kwa mara ya kwanza mpaka kujua ugonjwa wake zisipite siku 60. Tatu, wagonjwa 80 katika kila 100 wamalize matibabu yao. Vikitimizwa, yanatarajiwa kuokolewa maisha milioni 2.5 kufikia mwaka 2040. Nilipokisoma hicho kipimo cha pili nilichukua kalamu na kalenda. Mama yetu wa maandazi alingoja zaidi ya siku 200.

Kuhusu mashine yenyewe sitasema mengi. Liko jambo ambalo wachangaji wengi hawaambiwi: katika Afrika karibu nusu ya wanawake wanaopata saratani ya matiti hawajafika miaka 50. Ziwa la mwanamke kijana lina nyama nzito, nayo katika picha ya mamografia huonekana nyeupe. Saratani nayo huonekana nyeupe. Ni kama kumtafuta mbuzi mweupe katika ukungu wa asubuhi. Mwanamke kijana mwenye kivimbe, kipimo kinachomfaa kwanza ni kile cha mawimbi ya sauti, yaani ultrasaundi, ambacho hospitali yetu tunacho tayari kwa ajili ya waja wazito. Zaidi ya hayo mashine hutaka fundi aliyesomea, daktari bingwa wa kusoma picha, umeme usiokatika na matengenezo kila mwaka. Nimewahi kutembelea hospitali moja, si ya mkoa huu, iliyopewa mashine kama hiyo na wafadhili. Walinionyesha kwa heshima. Ilikuwa imefunikwa kitenge kizuri, na juu ya kitenge wameweka madaftari ya chanjo.

Baada ya mazishi ya yule mama nilikutana na wauguzi wangu, tukafunga mlango. Hatukuwa na fedha mpya. Tukajiuliza ni wapi alipopotelea, tukaandika ubaoni kila mahali: kwa tabibu, rafuni, garini, katika jalada, dirishani alipoambiwa majibu bado. Kisha tukaanza kuziba.

Tulianza na sheria moja ndogo. Mwanamke yeyote anayesema neno "ziwa" pale mapokezi haambiwi arudi kesho. Anaonwa siku hiyo hiyo, na muuguzi wa kike, chumbani, mlango umefungwa. Ilikuwa vigumu kuliko nilivyofikiri. Mama wa kwetu haji akasema ana kivimbe. Husema mgongo unauma, au amekuja kumsindikiza mtoto, na baada ya kumaliza yote, mkono ukiwa kwenye kitasa cha mlango, ndipo anasema, "Na hapa pia pana kitu." Ilitubidi tuwafundishe matabibu wangoje kile kitasa.

Pili, tuliwaita matabibu na wauguzi wa zahanati zote za wilaya, kundi kwa kundi, tukawafundisha kupapasa matiti na kwapa kwa utaratibu, na kuacha ile desturi ya kutoa vidonge vya kuua vijidudu na kungoja. Ziwa lenye joto na maumivu la mama anayenyonyesha, sawa, mpe dawa, lakini umwone tena baada ya wiki moja au mbili, na kama halijapona mlete. Kivimbe kigumu kisichouma, mlete moja kwa moja. Jambo hili si letu peke yetu. Huko Rwanda kaskazini, katika wilaya ya Burera, iko hospitali ya Butaro ambayo ilifungua kituo cha saratani mwaka 2012 katikati ya milima na mashamba, na wauguzi wa vituo vidogo walifundishwa kazi hiyo hiyo ili wajue nani wa kumtuma na nani wa kumtuliza.

Tatu, ile chupa. Sasa kinyama tunakichukua kwa sindano nene siku ile ile mama anapoonwa, bila kumlaza. Kila chupa ina namba yake katika daftari moja kubwa, na daftari lina mwenyewe: muuguzi mmoja, mama mtu mzima, ambaye kazi yake kila Jumatatu ni kusoma namba ambazo hazijarudi na kupiga simu maabara mpaka wamchoke. Gari la hospitali hatulingojei. Chupa zinakwenda kwa basi la abiria, ndani ya sanduku lililofungwa, kondakta anatia sahihi hapa na mpokeaji anatia sahihi kule. Jibu likiwa tayari tunaambiwa kwa simu, karatasi inafuata. Lakini mgonjwa hatumpi jibu kwa simu. Tunamwita aje na mtu anayemtegemea. Na maabara kule hawaishii kusema ni saratani au siyo. Wanaweza kupima kama saratani hiyo inalishwa na homoni, na ikiwa hivyo yako matibabu ya vidonge, kama tamoksifeni, ambavyo mgonjwa humeza nyumbani kila siku kwa miaka mitano au zaidi. Bila jibu hilo mganga anatibu gizani.

Nne ni gulio, na hapo tulianguka vibaya. Tulikwenda siku ya mnada na kipaza sauti, tukatangaza kwamba akina mama wote waje kupimwa saratani. Tulikaa katika ghala la ushirika kuanzia saa mbili mpaka saa nane. Walikuja wanawake wawili, na mmoja alikuwa ametumwa na mumewe kuuliza kama tunanunua ufuta. Tukawauliza wazee wa kike wa kijiji. Walituambia bila kuficha: nani atakayepita mbele ya mnada mzima, mbele ya mashemeji na wakwe, kuingia mlango ulioandikwa saratani? Akitoka humo ataitwaje? Tukarudi mwezi uliofuata bila kipaza sauti. Tukaandika "Afya ya Mama", tukapima shinikizo la damu na kisukari, na nyuma ya pazia muuguzi akawa anauliza juu ya matiti na kufundisha dalili. Wakaja mpaka ikabidi tuwagawie namba. Wazee wale wa kike sasa ndio wanaotuitia watu, na hawatumii kipaza sauti.

Najua yupo atakayesema: kwa nini msiwafundishe tu wanawake kujipima wenyewe kila mwezi, mambo yakaisha? Swali hilo lilikwisha kujaribiwa kwa uzito mkubwa. Huko Shanghai, China, wanawake zaidi ya 266,000 wa viwanda vya nguo waligawanywa, nusu wakafundishwa kujipima kwa makini na kukumbushwa mara kwa mara. Matokeo yalitolewa mwaka 2002. Vifo havikupungua, ila waliofundishwa walikatwa vinyama vingi zaidi visivyo vya saratani. Kwa hiyo tunawaambia akina mama walijue ziwa lao lilivyo na waje wakiona badiliko, bila kuwatwika ratiba ya kujipima.

Kupapaswa na mhudumu aliyefundishwa ni jambo jingine. Mjini Mumbai, India, tangu mwaka 1998 wanawake zaidi ya 150,000 walishiriki katika jaribio ambalo nusu yao walichunguzwa hivyo kila baada ya miaka 2 na wahudumu wa afya wa kike, wala si madaktari. Miaka 20 ya kazi hiyo ilielezwa mwaka 2021. Saratani za waliochunguzwa ziligunduliwa zikiwa katika hatua za chini zaidi, na kwa wanawake waliofika miaka 50 vifo vilipungua kwa karibu 30 katika kila 100. Kwa waliokuwa chini ya umri huo vifo havikupungua, nami lazima niseme hivyo pia. Na jirani zaidi, jimboni Gezira, Sudani, kati ya mwaka 2010 na 2012 akina mama wa vijijini waliojitolea walifundishwa, wakapita nyumba kwa nyumba na kuwaona wenzao zaidi ya elfu kumi. Mikono hii tunayo hapa wilayani. Haihitaji umeme.

Sasa niseme na wanaume, maana tumejaa humu. Katika kazi hii nimegundua kwamba barabara ndefu kuliko zote si ile ya kwenda Dar es Salaam. Ni ile ya kutoka kwa mke kwenda kwa mume kuomba nauli. Mmoja wetu, naye yumo humu, wala sitamtazama, alinipigia simu usiku. Mkewe alikuwa ameambiwa kwamba inabidi ziwa liondolewe. Aliniuliza, "Akikatwa, tutaishije?" Mimi nilikuwa nimechoka, nikamjibu vibaya. Nilimwambia ajiulize ataishije asipokatwa. Akakata simu. Kesho yake alikuja mwenyewe, kilometa arobaini kwa pikipiki, akakaa ofisini kwangu bila kusema kitu. Nikamwomba radhi. Kumbe alichotaka kujua ni kama mkewe ataweza kulima, kubeba maji, na kama kisu kinaueneza ugonjwa kama wanavyosema kilabuni. Nikamwambia kisu hakiuenezi. Wale waliokufa baada ya kukatwa aghalabu walifika ugonjwa umekwisha kutawanyika, ndiyo maana watu wanakilaumu kisu. Nikamwambia mkono wa upande ule huenda ukavimba, apunguziwe mizigo mizito mwanzoni, na kwamba kulima atalima. Mwaka huu nimeletewa mahindi mabichi kutoka shamba lile.

Nanyi vijana, nimewaona mkichekana tangu nilipotaja neno ziwa. Chekeni. Mimi nilicheka vilevile darasa la baiolojia katika jengo lile pale. Lakini likizo ijayo mtakwenda nyumbani, na huenda mama au shangazi akawaambia ninyi mambo ambayo hakumwambia mtu mwingine, kwa kuwa ninyi ndio wasomi wa nyumba. Basi mjue la kusikiliza: kivimbe kipya katika ziwa au kwapani; ngozi iliyobonyea, au iliyo na vishimo kama ganda la chungwa; chuchu iliyogeuka kuingia ndani, inayotoa damu au yenye kidonda kisichopona; ziwa moja lililobadilika umbo ghafula. Vivimbe vingi si saratani, na hilo pia mwambieni, ili asikimbie. Usimtishe wala usimwambie angoje mpaka uvunaji uishe. Mwambie, "Mama, kesho twende wote." Na lingine: wanaume nasi tunao ugonjwa huu. Katika wagonjwa mia, kama mmoja hivi ni mwanaume. Nimewahi kumtibu mzee aliyevaa koti miaka miwili, jua na mvua, kuficha kidonda kifuani kwa sababu aliona aibu kuugua ugonjwa wa wanawake. Naona sasa kicheko kimepungua.

Ndugu Mwenyekiti, narudi kwenye hoja. Fedha hizi zinaweza kufanya nini? Kwanza, sindano za kuchukulia vinyama, fomalini, na gharama ya maabara kwa wale wasio na bima. Leo hii mama asipokuwa na fedha ya maabara, chupa yake inarudi kukaa rafuni kama ile ya mwaka 2016, na mimi nimeshalipa mfukoni mara nyingi kuliko mke wangu anavyojua. Pili, nauli ya kwenda hospitali ya rufaa au Ocean Road, ya mgonjwa na msindikizaji wake, pamoja na malazi, kwa sababu matibabu ya mionzi huchukua wiki kadhaa na wengi huyaacha katikati fedha ya chakula inapokwisha. Kile kipimo cha tatu, cha wagonjwa 80 kumaliza matibabu, kinashindwa hapo. Tatu, posho ya yule muuguzi wa daftari, na kumwandaa wa pili, maana wa sasa anastaafu hivi karibuni na namba zote zisizorudi ziko kichwani mwake kabla hazijawa katika daftari. Nne, mafuta ya gari la gulio, mara moja kila mwezi.

Yote haya hayana sura ya kupigia picha. Hakuna kibao cha shaba kitakachoandikwa jina la Chama chetu juu ya chupa ya fomalini. Mweka Hazina amenionya kwamba baadhi ya wachangaji watadai warudishiwe fedha zao kwa kuwa walichangia mashine. Wana haki hiyo, na nashauri waulizwe mmoja mmoja kwa barua kabla shilingi haijaguswa. Siku wilaya hii itakapoweza kumpa kila mama mwenye kivimbe jibu lake ndani ya siku 60, nami nikiwa hai, nitakuja hapa mwenyewe kuomba mashine, na mtanikumbusha maneno haya.

Naomba hoja ipigiwe kura kabla ya chakula, kwa sababu baada ya wali na nyama najua jinsi mikutano yetu inavyokwenda. Wanafunzi wenye maswali ya faragha watanikuta chini ya mkaratusi, pale langoni, mpaka saa kumi. Baada ya hapo nitaondoka. Basi la kesho linatoka alfajiri, na kuna chupa nne ambazo lazima nimkabidhi kondakta usiku huu.